Milango Sitini na Moja

"Hivi duniani kuna watu wazima wangapi wanaokojoa kitandani?"

Swali hilo liliulizwa saa saba mchana, chakula kikiwa mezani, na aliyeuliza alishika kijiko kwa mkono mmoja na penseli kwa mkono wa pili. Mkewe akaacha kutafuna. Nyuma ya pazia la maua lililogawa chumba, mama mzazi wa muulizaji, ambaye kiharusi kilimlaza huu ukiwa mwaka wa nne, aligeuza macho upande sauti ilikotoka. Mwilini mwake macho ndiyo yaliyobaki mepesi. Macho na masikio, ila masikio watu walikuwa na tabia ya kuyasahau.

"Punguza sauti," mke akasema. "Na hayo maneno si ya mezani."

"Haya si maneno, ni soko. Jumatano wawekezaji wataniuliza soko lako lina ukubwa gani. Nitawajibu nini?"

"Wajibu kwamba linatulisha."

Mtaa mzima ulimwita mume huyo Mita. Miaka kumi na tisa alizunguka na kijitabu cha idara ya maji, akiinama kwenye kila ua kusoma namba, na alikuwa hodari kiasi kwamba mbwa wakali walikuwa wakimfungulia geti wenyewe. Basi, tuseme hawakumbwekea. Geti lenye bawaba mbovu alilijua, ukuta uliopakwa rangi upande wa barabarani tu aliujua, na kitasa cha mlango kilicholegea angekitambua kwa kukishika gizani. Kisha zikaja mita mpya zinazojisoma zenyewe na kupeleka habari ofisini kwa njia ya hewa. Wasoma mita wote wakapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa ya Mita ilisimama wiki ya tatu, na yeye akaiacha ukutani hivyo hivyo, ikawa inasema kweli mara mbili kwa siku.

Tangu hapo nyumba ililishwa na cherehani ya mkewe, ambaye watu walimwita Fundi, na cherehani hiyo ilishona kitu kimoja tu. Alianza kwa ajili ya mama mkwe wake: nepi ya mtu mzima, pamba tabaka tatu, kitambaa cha taulo katikati, na nailoni laini nje. Isiwe nailoni ile ya kuchakacha, maana mgonjwa akijigeuza wageni watasikia. Akaweka kamba ubavuni badala ya vifungo, kwa sababu kifungo humchimba mtu anayelala juu yake mchana kutwa. Mwanamke wa jirani akaziona kwenye kamba ya kuanikia, akasogea, akanong'ona. Wiki iliyofuata wakanong'ona wawili.

Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutamka neno nepi. Walisema "foronya". Mtu angesimama mlangoni, aulizie afya ya watu, asifie ukuta, kisha kama aliyekumbuka jambo dogo: "Eti Fundi, utakuwa na foronya nne za saizi kubwa?" Fundi angejibu zipo, mpendwa, nitazileta. Zilifungwa kwenye gazeti, zikalala chini ya kikapu, juu yake vitambaa vya kushonea, na zilipelekwa saa ya jua kali ambapo barabara haina watu. Ukisikia nyumba ina kitanda kimoja na foronya nane, elewa mwenyewe.

Mwalimu, kwa mfano. Huyu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mama aliyeweza kunyamazisha gwaride la watoto mia nane kwa kukohoa. Mumewe alikuwa amesafiri. Ndivyo alivyowaambia watu, na safari hiyo ilikuwa imefika mwaka wa pili. Ilikuwa safari ya hatua kumi na mbili, kutoka sebuleni mpaka chumba cha nyuma. Kila miezi mitatu Mwalimu alinunua foronya nane.

"Mkono wako wa kulia umeanza kufa ganzi," Mita alimwambia mkewe pale mezani, sasa kwa sauti ndogo. "Unashona tatu kwa siku, unaishia kuning'iniza mkono kama nguo. Tukipata mtaji, cherehani nne, wasichana wanne, chumba chetu. Utakuwa unasimamia tu."

Fundi aliutazama mkono wake.

"Nenda," akasema. "Ongea nao. Lakini daftari langu la wateja usiguse."

* * *

Kule kwenye jumba la biashara changa, Mita alikabidhiwa mshauri. Alikuwa kijana wa suruali ya kubana, mwenye kusema "slaidi" mara nyingi kuliko mtu anavyopumua, na nyumbani kwa Mita akabatizwa Bwana Slaidi. Alimchorea miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje ni soko lote. Wa kati ni soko unaloweza kulifikia. Mdogo kabisa ni soko utakalolikamata.

Mita alirudi na miduara hiyo kwenye karatasi, akaibandika ukutani chini ya saa iliyosimama.

"Wa ndani ya huu mdogo ndio tutakaowakamata," akaeleza.

"Utawakamata una kibali?" Fundi aliuliza, uzi mdomoni. "Watu wenyewe hawawezi hata kukimbia."

Nyuma ya pazia kulisikika mkoromo mfupi. Bibi, kama mama yake Mita alivyoitwa mle ndani, alikuwa anacheka, kwa upande ule wa mdomo uliobaki.

Jumatano Mita alivaa koti la harusi yake, ambalo lilikuwa limekataa kukua pamoja naye. Mlinzi wa getini alimwandikia kadi ya mgeni, na kwa kuwa hakuelewa nepi za watu wazima ni kazi gani, akaandika "Fundi Bomba". Mita akaingia mbele ya wawekezaji na kadi hiyo kifuani.

Walikuwa watatu, na meza ilikuwa ya kioo, kwa hiyo kila mtu aliviona viatu vyake. Alisema alichofundishwa: wazee nchini ni idadi fulani, kati yao waliolala kitandani ni wengi mno, na sisi tukichukua asilimia moja tu...

"Simama hapo," akasema mwanamke wa katikati. Miwani yake ilining'inia kwenye mnyororo, na wenzake walimtazama yeye kwanza kabla ya kucheka. "Kila anayeingia humu anachukua asilimia moja. Mwezi huu peke yake nimeshaigawa dunia mara tatu, na bado sijamwona mteja. Mimi sitaki asilimia. Nionyeshe mlango. Mlango mmoja ambao nikibisha hodi, mtu anafungua na kuniambia: ndiyo, ni mimi."

"Na mteja wako anakaa muda gani?" akauliza mwanamume mwenye kutafuna jojo.

"Anakaa?"

"Kabla hajafa."

Mita akalegeza tai. "Mama yangu ana mwaka wa nne."

"Huyo ni mteja mzuri," mwenye jojo akasema, akaandika.

Wakampa wiki mbili arudi na kitu cha kuonekana. Nyumbani alisimulia yote, neno kwa neno, akitembea kati ya meza na pazia. Alimwigiza mwanamke wa miwani, akavaa hata miwani ya kusomea ya mkewe. "Nionyeshe mlango mmoja! Mlango mmoja tu!" La mwenye jojo alilisimulia vilevile, akacheka peke yake. Alipomaliza, Fundi alikuwa ameukunja uso.

"Milango ya watu si ya kwako uionyeshe. Wamenifungulia mimi."

"Bila majina, mke wangu. Nani atajua?"

"Nimeshasema."

* * *

Kila siku saa tatu asubuhi Bibi alioshwa. Fundi aliingia na beseni na taulo, na kabla hajalifunga pazia, sauti ya mama mkwe ilitoka, nzito, maneno yakimteleza mdomoni: "Atoke kwanza." Mita alitoka. Miaka minne alitoka kila asubuhi, akasimama nje akizungumza na majirani juu ya mpira, na kwa muda wote huo hakuwahi kuuona mwili wa mama yake ukifunuliwa hata goti.

Jumanne ile alitoka kama kawaida, akahesabu mpaka mia, akarudi kwa kunyata. Pazia lilikuwa limefungwa. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye beseni, na Fundi alikuwa akisema kwa upole, "Geuka kidogo mama, hivyo, hivyo, tumemaliza upande huu." Daftari lilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya mabobini ya uzi.

Fundi hakuwa mjinga. Humo ndani hakukuwa na jina hata moja. Aliandika mageti. "Bluu yenye kutu chini: kati, 4." "Lenye nyota mbili, moja imeng'oka: kubwa, 8." "Mlango wa bati, ngazi tatu: kati, 6." Mwizi angeliokota daftari hilo asingeambulia kitu, na jirani mmbeya angelisoma mpaka macho yakamtoka. Fundi alikuwa ameandika siri yake kwa lugha asiyoijua mtu yeyote duniani isipokuwa mmoja, naye walikuwa wanalala kitanda kimoja.

Kwa Mita ilikuwa kama kusoma nyuso za ndugu zake. Bluu yenye kutu chini: mita ilikuwa nyuma ya tangi, ilibidi upige goti. Nyota mbili: kwa Mwalimu. Alinakili haraka, penseli ikikimbia, na moyo wake, tuseme kweli, ulikuwa na furaha. Ni mwaka na nusu alikuwa hajahitajika kwa jambo lolote alilolijua.

Ilikuja milango sitini. Akaona sitini ni namba iliyokaa kama ya kubuni, kisha akakumbuka mlango mmoja ambao haukuwamo daftarini, kwa sababu haukuwa wa mteja. Akauweka juu kabisa, namba moja. Mwanamke. Kwenye saizi hakusita. Mama yake alikuwa pande la mtu, mwanamke aliyebeba magunia mawili ya mkaa kichwani huku akigombana na mtu. Akaandika: kubwa.

Nyuma ya pazia Fundi alikuwa akikamua taulo.

* * *

Mara hii hakuna aliyecheka. Ramani ya mtaa iliwaka ukutani kwenye mwanga wa projekta, vidoti vyekundu sitini na kimoja, kila kimoja na namba, jinsia, saizi na idadi. Mwanamke wa miwani aliinuka akasogea mpaka kivuli chake kikaifunika nusu ya mitaa.

"Hivi vyote ni watu kweli?"

"Kila kimoja ni mlango ninaoujua kwa mkono wangu."

"Na wote wananunua?"

"Wananunua na kurudi." Hapo ndipo alipoongeza, wala hakuna aliyemwomba, ilikuwa ni sifa tu ikimchuruzika: "Mkipenda, hakikisheni."

Mwenye jojo aliacha kutafuna. Bwana Slaidi, aliyekuwa ameketi pembeni, alimwonyesha kidole gumba. Wakaomba faili. Mita akaliacha.

Njiani alinunua kitambaa cha taulo, mita sita, kile kizuri, amshangaze mkewe.

* * *

Alhamisi alasiri Mwalimu alikuwa na wageni. Akina mama tisa wa kikundi chake walikaa kibarazani, vikombe mapajani, wakimsikiliza akisoma taarifa ya mwaka. Geti la nyota mbili likabishwa hodi, akaingia binti mwenye tableti mkononi na mkoba wa kazi begani.

"Shikamoo mama. Shikamooni nyote."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Samahani, hapa ndipo mlango namba kumi na nne?"

"Namba kumi na nne ya nini?"

Binti alikuwa amelelewa vizuri, lakini alikuwa na milango ishirini ya kumaliza kabla ya jioni, na aliyemtuma alimwambia asome kilichoandikwa. Akasoma kilichoandikwa. "Mwanamume mmoja, saizi kubwa, nepi nane kila miezi mitatu. Hatuuzi kitu mama, tunahakikisha tu. Bado anazitumia?"

Hakuna kikombe kilichogonga sahani. Mmoja alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Mwingine alitazama dari. Na wa tatu, mwenye moyo mwema kuliko wote, akasema lililo baya kuliko yote:

"Kumbe shemeji amesharudi safari."

"Umekosea nyumba," Mwalimu alimwambia binti.

Kutoka chumba cha nyuma mtu akakohoa.

* * *

Ijumaa asubuhi Fundi alikuwa akikata kitambaa kipya cha taulo, akimsifia mumewe kwa kuchagua, ndipo akasikia hodi. Mita alikuwa ameshatoka kwenda kwa Bwana Slaidi. Mwalimu alisimama kizingitini amevaa gauni la kutokea, na bahasha kubwa ya kaki kwapani.

"Karibu ndani, Mwalimu."

"Sikai." Akaiweka bahasha juu ya meza ya kukatia. "Zimo nane. Nimefua, nimepiga pasi. Usije ukasema nimekurudishia uchafu."

Fundi akatazama bahasha, akamtazama aliyeileta, hajaelewa. Mwalimu akamweleza kwa sentensi nne, zilizonyooka kama za imla: binti, tableti, namba kumi na nne, akina mama tisa.

"Mwalimu, wallahi sikumwambia mtu."

"Najua hukumwambia mtu. Uliandika." Mwalimu alinyoosha kola yake. "Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto wa watu kwamba kilichoandikwa kina msomaji. Wewe hukupita darasani kwangu."

"Na mzee? Mzee atavaa nini?"

"Mzee amesafiri," Mwalimu akasema, akageuka.

Fundi aliifungua droo. Mabobini yalikuwa upande wa kushoto. Yeye huyaweka kulia. Alikaa na droo wazi mapajani, kisha akafunga kilemba, akashika kikapu, akatoka kwenda kwenye geti la bluu, na mlango wa bati, na kwingine, kuomba radhi kabla hodi nyingine haijamtangulia. Mlango wa mbele aliurudishia tu, kama alivyozoea akitoka kwa muda mfupi. Mama mkwe alikuwa amelala. Au alidhani amelala.

Lakini binti wa tableti alikuwa na miguu myepesi. Karibu kila geti Fundi alikuta ameshapita. Mlango wa bati ulifunguliwa kiasi cha mkono, mkono ukatoa mfuko, mlango ukafungwa. Mzee mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe mwenyewe, na aliyezoea kumwita Fundi "mkombozi wangu", alizungumza naye kupitia dirishani bila kufungua pazia. Kijana mmoja wa pembeni ya barabara, asiyehusika na lolote, alimwita kwa sauti: "Mama foronya! Na mimi nimeloa!" Wenzake wakacheka sana.

Jumamosi zilirudi zilizobaki. Nyingine zilirushwa juu ya ukuta. Nyingine zililetwa na mtoto aliyeambiwa asiseme katoka wapi. Moja ilikuja ikiwa bado mbichi, imetoka kuvuliwa mwilini. Meza ya kukatia ikajaa, lundo likashuka mpaka sakafuni karibu na pazia. Mita alizihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi pekee aliyokuwa anaijua: mia mbili themanini na tatu.

"Ulisoma lini?" Fundi aliuliza. Hakuwa amepandisha sauti tangu jana.

"Jumanne ile."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nikiwa namwosha mama yako."

"Ndiyo."

Mita alisubiri agombezwe. Angeshukuru. Fundi aliinama, akaanza kuzitenga mbichi na kavu, akitumia mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umekataa kabisa.

* * *

Simu iliita Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa miwani, laini, ya mtu asiye na deni na yeyote.

"Tumemaliza kuhakikisha. Milango sitini imekana. Tumebisha kila mmoja, wengine mara mbili."

"Wanaona aibu tu!" Mita alisimama. "Soko lipo, mheshimiwa. Njooni mwone, zimerudishwa hapa, zimejaa chumba. Mtu hawezi kurudisha asichonunua!"

"Aibu siwezi kuiweka kwenye hesabu, bwana. Mteja asiyekubali kuwa mteja si soko. Tunakutakia kila la heri." Karatasi ikafunuliwa. "Ila mlango mmoja ulikubali. Namba moja. Binti wetu anasema yule mama alimpa ushirikiano mzuri mno, hata picha. Tafadhali mfikishie shukrani zetu."

Mita alibaki na simu sikioni, ingawa ilikuwa imekatika. Fundi alikuwa uani, akijaza beseni. Akalifungua pazia.

Mama yake alikuwa macho. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuulizwa.

"Mama. Kuna mtu alikuja humu Ijumaa, sisi hatupo?"

"Binti." Maneno yalimtoka moja moja, mengine yakipotelea kwenye shavu lililolegea. "Ana adabu. Kaniamkia."

"Alikuuliza nini?"

"Kama ni mimi. Nikamwambia ndiyo. Ni mimi."

"Na picha?"

Bibi aliinua mkono wa kushoto, ule unaomsikia, akaushusha juu ya shuka. "Alitaka ushahidi. Aliona haya, masikini. Nikafunua mwenyewe."

"Mama!" Sauti ya Mita ilipasuka. "Kwa nini?"

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mzazi aliyetumwa dukani na mwanawe, akaenda, akarudi na kilekile alichoagizwa.

"Si walitaka mlango mmoja?"

Fundi alikuwa ameshaingia na beseni. Alikuwa amesikia. Akaliweka chini polepole, maji yasimwagike, akamwambia mumewe bila kumtazama, "Saa yake imefika. Leo baki. Mkono wangu haumbebi tena peke yake. Shika upande ule wa bega."

Mita akakunja mikono ya shati.

"Hapana," Bibi akasema. "Atoke kwanza."

"Mama, huyu ni mwanao. Mtu baki ameshakuona."

"Yule mgeni. Huyu mwanangu." Jicho lake la upande mzima lilikuwa limejaa maji. "Atoke."

Alitoka. Safari hii hakufika nje kwa majirani. Majirani hawakuwa na mazungumzo naye. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, upande wa pili wa pazia, miguu yake ikigusa lundo. Alisikia pumzi za mkewe akimgeuza mtu kwa mkono mmoja. Alisikia kitanda kikilia, maji yakidondoka, kimya, maji tena. Miduara mitatu ilikuwa bado ukutani chini ya saa.

Mkono wa Fundi ukachomoza kando ya pazia, kiganja wazi.

"Nipe foronya."

Mita alichukua ya juu, katika zile za Mwalimu, zilizopigwa pasi. Mkono ukaipokea, ukaingia, kisha ukatoka nayo, ukamrudishia.

"Siyo hii."

"Si kubwa hiyo?"

Taulo lilikuwa likikamuliwa, tone kwa tone. Halafu sauti iliyomjibu ikawa ya mama yake, ndogo, ikijitahidi kila neno litoke zima.

"Ndogo, mwanangu. Tangu mwaka juzi."

Mita alipiga magoti sakafuni, akaanza kutafuta ndogo katika lile lundo.